Kesho Dunga

Jioni njema wenzangu. Kesho tunakwenda shuleni Dunga kupima kinyesi cha watoto, kutafuta minyoo na kichocho. Tukutane saa kumi na mbili na nusu asubuhi, steji ya bodaboda.

Watoto wamepewa vikopo vya kinyesi leo. Mwalimu anasema mmoja alidhani ni cha uji, kwa hivyo waelezeni tena, pole pole, bila kucheka. Kinyesi kiasi cha ncha ya kidole chatosha.

Watu wa hadubini, nawasihi: slaidi zisomwe ndani ya saa moja. Mayai ya minyoo wa safura huyeyuka, tukaandika mtoto hana kumbe anao. Ya kichocho hungoja.

Mzazi akiuliza mbona mwanawe hakupimwa, mwambieni tunapima wachache ili tujue kiwango cha maambukizi shuleni. Dawa, prazikwanteli ya kichocho na albendazoli ya minyoo, hupewa shule nzima.

Glavu nitabeba mimi. Mara ya mwisho zilisahauliwa, simtaji mtu.