Nyutro kwanza, ndipo swichi ya simu

Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini mwako tuseme jambo kuhusu swichi, soketi na balbu zinazoendeshwa kwa simu, ambazo sasa zimejaa madukani Kisumu, Kakamega na Nakuru. Wanunuzi wengi huzirudisha baada ya wiki wakisema ni mbovu. Mara nyingi kifaa ni kizima. Kilichokosekana ni mtu wa kukagua nyaya za nyumba, mzigo na hali ya stima kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Anza na ukuta. Swichi nyingi za waifai hutaka waya tatu nyuma yake: laivu (unaoleta stima), nyutro (unaoirudisha) na ule unaokwenda kwenye taa, kwa sababu redio iliyo ndani lazima ipate stima hata taa ikiwa imezimwa. Nyumba nyingi za huku zina waya mbili tu kwenye kisanduku cha swichi. Laivu inashuka, inakatwa na swichi, inapanda kurudi kwenye balbu. Nyutro imebaki juu darini.

Hapo ndipo hata mafundi hupotea. Mtu hufungua swichi, akaona waya mwekundu na mweusi, akasema nyutro ipo, kwa kuwa katika rangi za zamani mweusi ni nyutro. Katika kebo ya swichi sivyo: mweusi huo ndio unaorudi kwenye taa. Kuupima ni kazi ya dakika mbili. Weka mita kwenye volti za AC, kipimo cha 600 au 750, ncha moja kwenye athi (waya wa ardhini) na nyingine kwenye waya mweusi, kisha washa swichi. Ukisoma karibu 240, huo si nyutro. Nyutro halisi hubaki karibu na sufuri, swichi iwe imewashwa au imezimwa. Ukipima swichi ikiwa imezimwa tu utadanganyika, maana wakati huo waya wa taa nao huweza kusoma chini, au kwa balbu za LED ukakupa namba ya ajabu isiyo na maana. Kipimo hiki hufanywa stima ikiwa ndani ya waya, kwa hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, si ya kijana wa duka la simu.

Kuna dhambi moja ambayo haina msamaha: nyutro ikikosekana, fundi huchukua athi akaifunga mahali pa nyutro. Swichi inawaka, mteja anafurahi, fundi analipwa. Lakini sasa mkondo unapita kwenye waya ambao haukupaswa kubeba kitu. Mahali penye kinga ya kuvuja kwa stima, kinga inaweza kuruka. Pasipo na kinga, siku waya wa athi ukikatika njiani, vyuma vyote vilivyofungwa kwenye athi hiyo, friji ikiwemo, vinaweza kuwa na stima. Kuazima nyutro ya soketi kwa ajili ya taa nako huweza kurusha kinga, ingawa hatari yake si ya kiwango hicho.

Nyutro isipokuwepo, njia safi ni kupeleka moduli (kijisanduku kinachowasha na kuzima taa kwa amri ya simu) mahali nyutro ilipo, yaani juu kwenye taa yenyewe, na kuacha ukutani kitufe cha betri. Uangalifu ni kwenye joto. Moduli nyingi zimeandikiwa mwisho wa nyuzi 40, na nafasi iliyo chini ya mabati saa nane mchana hapa Kisumu hupita hapo bila shida. Ifungwe kwenye kisanduku cha taa, upande wa chumbani, si kutupwa juu ya dari. Zipo pia swichi zisizohitaji nyutro. Hizo hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya balbu, na ndiyo sababu balbu ya LED ya wati 5 humetameta au kubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Si uchawi. Kepasita ndogo inayouzwa na mtengenezaji wa swichi hiyo hufungwa sambamba na balbu, kwenye taa na si kwenye swichi, na mmeto huisha.

Baada ya waya, angalia mzigo. Shawa ya umeme ya wati 5,500 kwa volti 240 huvuta ampi karibu 23. Soketi au moduli iliyoandikwa ampi 16 itaibeba kwa siku chache, kisha plastiki itaanza kunuka. Weka kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili ya umeme) ya ampi 40 ibebe shawa, na moduli iwe ya kuamsha koili ya kontakta tu. Pampu ya maji ina ujanja mwingine: ya nguvu-farasi 1 hukimbia kwa ampi kama 5, lakini inapoanza huvuta mara 5 hadi 7 ya hiyo kwa kitambo kidogo. Cheche hizo huunganisha midomo ya rilei, swichi ndogo iliyo ndani ya moduli, ikagandana. Simu itakuambia pampu imezimwa huku tangi linafurika. Ukiona hivyo usihangaike na programu. Gonga moduli kidogo kwa mpini wa bisibisi. Pampu ikizima, rilei imeungua, na dawa ni kontakta tena. Tusisahau kwamba moduli iliyoandikwa ampi 10 imepimwa kwa mzigo kama wa pasi au balbu ya zamani, si kwa mota.

Vifaa vinavyotumwa na jamaa walio Marekani vinahitaji macho zaidi. Vilivyoandikwa volti 120 pekee vitaungua, na adapta ya pini haibadili volti, hubadili umbo la plagi tu. Tafuta maneno 100-240V, 50/60Hz. Kwa vifaa vya Z-Wave, aina moja ya mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani, hata volti zikikubali kuna mtego: vya Marekani hutumia megahezi 908.42 na vya Ulaya 868.42. Havisikilizani kamwe, na hakuna mpangilio wa kwenye simu utakaovipatanisha. Tena 908.42 imo ndani ya masafa ambayo simu za GSM 900 hutumia kuongea na mnara, kwa hiyo kifaa hicho hakina mahali pake hapa. Zigbee (aina nyingine ya redio hiyo) na waifai hutumia 2.4 gigahezi dunia nzima, hapo hakuna shida ya nchi. Z-Wave iliyowahi kutumika kwingine ni lazima itolewe kwenye mtandao wake wa zamani kabla ya kuingizwa kwenye mpya, na kidhibiti (kifaa kikuu kinachoongoza vingine) chochote cha Z-Wave kinaweza kuitoa, hata kama si kile cha mwanzo. Wengi hubonyeza kitufe cha kuingiza mara ishirini bila kujua hilo.

Waifai au Zigbee? Kwa soketi mbili tatu, waifai inatosha. Ikikataa kuunganishwa, sababu karibu kila mara ni kwamba simu iko kwenye 5 gigahezi na kifaa kinaelewa 2.4 tu. Zima 5 kwenye rauta kwa dakika kumi, weka ulinzi wa WPA2 badala ya WPA3, zima VPN ya simu, na usitumie mtandao wa wageni, kwa kuwa huo huzuia vifaa kuonana. Nyumba inayopata intaneti kwa simu ya baba haifai kabisa kwa vifaa vya waifai: baba akiondoka kwenda Ahero, taa zote zimebaki yatima. Vifaa vikizidi kumi na tano hivi, nenda Zigbee.

Zigbee hupitisha ujumbe kutoka kifaa hadi kifaa, lakini wapitishaji ni vile vinavyokula stima ya ukutani. Sensa za betri hazipitishi chochote. Kwa hiyo anza na soketi iliyo karibu na kidhibiti, kisha inayofuata, na sensa ziwe za mwisho, kila moja ikiunganishwa pale itakapokaa. Ukuta wa mawe hula sehemu ya mawimbi. Ukuta wa mabati huyarudisha yalikotoka. Nyumba ya wafanyakazi ya mabati nyuma ya nyumba kubwa inahitaji soketi ya Zigbee ndani yake, karibu na dirisha, la sivyo sensa ya huko itaonekana asubuhi na kupotea jioni. Moduli ndani ya kisanduku cha chuma chenye kifuniko cha chuma nayo iko gerezani.

Chaneli ya Zigbee, yaani njia yake ndani ya 2.4 gigahezi, ichaguliwe siku ya kwanza, kwa sababu kuibadilisha baadaye mara nyingi humaanisha kuunganisha vifaa upya. Rauta ikiwa kwenye chaneli 1 ya waifai, Zigbee 20 au 25 iko salama. Rauta ikiwa kwenye 11, chukua Zigbee 15. Chaneli 26 haiguswi sana na waifai, ila baadhi ya vifaa huitumia kwa nguvu ndogo au haviijui. Na kama kidhibiti ni kompyuta ndogo yenye kipokezi cha USB, usikichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB 3. Tundu hilo na diski iliyo kando yake hutoa kelele kwenye 2.4 gigahezi, na kipokezi kinakuwa kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono kando ya posho mili. Waya wa USB wa kurefusha, wa mita moja au moja na nusu, humaliza tatizo ambalo watu hulitibu kwa kununua kidhibiti kingine.

Sasa stima yenyewe, ambayo hakuna boksi la China linaloizungumzia. Balbu nyingi hurejeshwa kwenye hali ya kiwandani kwa kuwashwa na kuzimwa mara 3 hadi 5 haraka haraka. Stima ikicheza jioni ya mvua, ikakatika na kurudi mara nne ndani ya nusu dakika, balbu inaelewa kwamba mwenyewe ameiamuru isahau kila kitu. Asubuhi nusu ya taa hazimo kwenye simu na lawama zinaangukia kidhibiti. Ndiyo maana tunapendelea moduli au swichi yenye kitufe cha kurejesha kuliko balbu, mahali ambapo stima haitulii.

Stima ikirudi baada ya saa kadhaa, usiguse kitu kwa dakika 15. Rauta huchukua dakika moja mbili kuamka, vifaa vimeshaanza kuitafuta na kuikosa, kisha hujaribu tena taratibu. Anayekimbilia kufuta na kuunganisha upya hujiongezea kazi. Ndani ya programu kuna sehemu ya kuamua kifaa kifanye nini stima ikirudi: taa ziwe kama zilivyokuwa, lakini shawa, pasi na pampu ziwe zimezimwa, bila mjadala. Rauta ya volti 12 inayokula wati 12 inaweza kuwekwa kwenye betri ya 12V 7Ah, na ukitumia nusu tu ya betri isiharibike upesi, unapata saa tatu na nusu. Kadi ya kumbukumbu ya kompyuta ndogo nayo huweza kuharibika stima ikikatika katikati ya kuandika, hivyo kompyuta hiyo iwe kwenye betri hiyo, kupitia kipunguza volti cha 5V.

Radi za ukanda wa ziwa na milima ya Kisii hazihitaji maelezo. Kinga ya mawimbi ya ghafla ya stima, aina ya 2, hufungwa kwenye bodi kuu, na waya zake zote pamoja zisizidi nusu mita, la sivyo nguvu yake hupungua sana. Bila athi nzuri ni pambo.

Kuhusu intaneti, kuna jaribio moja la dukani tunalosisitiza. Mwambie muuzaji achomoe waya wa intaneti kwenye rauta, aache waifai ikiwaka, kisha awashe taa kwa simu. Ikikataa, umeona jinsi nyumba yako itakavyokuwa bando likiisha. Mbaya zaidi ni kampuni yenyewe kufunga. Mwaka 2016 kidhibiti cha Revolv kilizimwa na wenyewe, waliokinunua kwa dola 300 wakabaki na boksi. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa hivi, zilizima bila notisi. Vifaa vya Matter, kiwango kilichotoka Oktoba 2022, vimeundwa kuongea ndani ya nyumba bila kupitia ng'ambo, na programu ya Home Assistant hufanya hivyo kwa Zigbee na Z-Wave pia. Tungenunua hivyo hata kwa bei ya juu kidogo.

Mwisho ni kwa wanaojenga sasa Mamboleo, Riat, Kiamunyi na Lanet. Kabla ya plasta, mwambieni fundi ashushe nyutro hadi kila kisanduku cha swichi, hata kama hamna mpango wowote wa simu, na visanduku viwe vya kina cha milimita 35 au 47, si 25. Waya wa milimita mraba 1.5 wa kuongeza kwenye swichi kumi hauzidi roli moja ya mita 90. Baada ya plasta, kazi hiyo hiyo ni patasi, vumbi na rangi upya.

Mafundi wa stima,
Mamboleo, Kisumu