TSR ilizamishwa na marejesho, si kompyuta

Mhariri,

Kuna neno linalorudiwa kila inapozuka habari ya michezo ya mezani: eti kampuni ya TSR, iliyotoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ilikufa kwa sababu watoto walihamia kwenye kompyuta. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tulisahihishe neno hilo, kwa kuwa hapa Lamu wapo vijana wanaotaka kutunga na kuchapa mchezo wa aina hiyo kwa Kiswahili, nao wanavunjwa moyo kwa sababu isiyokuwepo. Ugonjwa ulioiua TSR unajulikana, na wafanyabiashara wa pwani wanalijua jina lake tangu zamani: mali kauli, yaani mali inayokabidhiwa muuzaji kabla ya kuuzwa, na isipouzwa hurudi kwa mwenyewe. Mali hiyo inayorudi ndiyo marejesho.

Kwa asiyeujua mchezo: watu wanne au watano hukaa barazani, mmoja akiwa msimulizi, wengine kila mmoja na mhusika wake. Msimulizi hueleza walipofika, mchezaji husema anachofanya, na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu huamua. Hakuna mshindi. Kinachouzwa ni kanuni, yaani karatasi, na dadu kidogo. Kampuni ya mchezo huu basi ni kampuni ya vitabu, na hufa kifo cha kampuni za vitabu.

TSR ilianzishwa Oktoba 1973 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waanzilishi ni Gary Gygax na rafiki yake Don Kaye, ambaye alikopa dola 1,000 kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Fedha hazikutosha, akaingia Brian Blume na dola 2,000. Januari 1974 ukatoka mchezo alioutunga Gygax pamoja na Dave Arneson wa Minnesota: maboksi 1,000, kila moja na vijitabu vitatu, bei dola 10, yote yakipangwa kwa mkono nyumbani. Yaliisha katika muda wa mwaka mmoja hivi, na chapa ya pili ikawa 1,000 tena. Hatua hiyo ndogo tunaiona kuwa ya busara kuliko zote walizochukua: walichapa kwa fedha zilizokwisha kuingia mfukoni.

Kaye alifariki kwa ugonjwa wa moyo Januari 1975, akiwa na miaka 36. Washirika hawakuwa wameandika popote sehemu ya mwenzao itashughulikiwa vipi akifa, na Gygax hakuwa na uwezo wa kuinunua kwa mjane. Ikabidi iundwe kampuni mpya, baba yake Blume atie fedha, na hisa nyingi zikaangukia kwa familia ya Blume. Miaka 10 baadaye, mwaka 1985, familia hiyo ilimuuzia Lorraine Williams, meneja wa kampuni, hisa zake, na Gygax akapoteza usukani wa kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Kwetu hapa sehemu ya marehemu huingia kwenye mirathi, na warithi wana haki ya kutaka fedha taslimu wakati ule ule ambapo fedha zote ziko kwenye karatasi. Wanaoshirikiana watatu wanne waandike mapema, mbele ya mashahidi: nani atathmini, kwa bei gani, na warithi walipwe kwa awamu ngapi. Waandike pia jasho la nani limeingia kwenye kanuni zipi. Arneson alilazimika kuishtaki TSR mwaka 1979 kudai malipo yake ya utunzi, na suluhu haikupatikana hadi 1981.

Sasa marejesho. Mali kauli ya kawaida kila mtu anaijua: unamkabidhi mwenye duka mali, anauza, anakulipa baadaye, kisichouzwa anakurudishia. TSR ilifanya jambo la hatari zaidi. Mwaka 1979 iliingia mkataba na Random House, kampuni kubwa ya vitabu, wa kusambaza bidhaa zake madukani. Msambazaji alilipa mara katoni zilipofika ghalani kwake, kabla msomaji hata mmoja hajanunua, lakini alibaki na haki ya kurudisha ambavyo havikuuzika na kudai fedha zake. Fedha ile ilionekana kama mauzo. Ilikuwa deni.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Umempelekea msambazaji maboksi 100, akakulipa shilingi 400 kwa kila moja: 40,000. Ukafurahi, ukatumia 30,000 kuchapa mchezo wa pili. Baada ya miezi sita yakarudi 60. Unadaiwa 24,000, mkononi una 10,000, na boksi 60 zilizokwisha kufunguliwa na kukunjwa pembe. Njia rahisi ya kujiokoa ni kuharakisha kumpelekea mchezo wa pili, alipe tena, umlipe kwa fedha zake mwenyewe. Ukishafanya hivyo mara moja huwezi kuacha, maana siku utakayoacha kupeleka mali mpya ndiyo siku deni la zamani linapoiva.

Hicho ndicho kilichokuwa kikiendelea kwa miaka huku bidhaa zikimiminika. Kati ya 1989 na 1995 TSR ilitoa ulimwengu mmoja wa kuchezea juu ya mwingine: Spelljammer, Ravenloft, Dark Sun, Al-Qadim, Planescape, Birthright. Kila mmoja ulikuwa na maboksi, ramani na vitabu vyake, na aliyeshika mmoja hakuwa na haja na wa pili. Wanunuzi wale wale waligawanywa mafungu madogo madogo. Yapo hata maboksi yaliyouzwa kwa bei isiyofidia gharama ya kuyatengeneza, kiasi kwamba kila lililonunuliwa lilikuwa hasara. Kampuni ikatia fedha pia kwenye karata za Spellfire mwaka 1994 na dadu za Dragon Dice mwaka 1995. Mwaka 1996 marejesho yakaja kwa wingi. Kufikia mwisho wa mwaka deni lilizidi dola milioni 30, na wachapaji waliokuwa wakidai wakakataa kuchapa kingine. Mchapishaji asiyeweza kuchapa hana hata njia ya kulipa.

Na kompyuta je? Aliyeinunua TSR mwaka 1997 ni Wizards of the Coast, kampuni iliyotajirika kwa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, uliotoka 1993. Watoto wale wale waliodaiwa kuhamia kwenye skrini ndio waliokuwa wakinunua karata hizo kwa mamilioni. Karatasi ndiyo iliyoinunua karatasi. Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea, nayo ikainunua Wizards mwaka 1999, toleo la tatu la mchezo likatoka 2000, na hadi leo mchezo uko sokoni. Wateja hawakwenda popote.

Kwa hiyo kwa anayetaka kuanza Lamu, shauri letu ni chapa ndogo na fedha taslimu. Mwenye duka akinunua matano kwa bei ya jumla na kuyamiliki, ni bora kuliko aliyepokea hamsini kwa mali kauli. Ikiwa huna budi kumpa mtu mali kauli, fedha zake zikae kwenye daftari la peke yake na zisiguswe hadi muda wa kurudisha upite.

Kijitabu cha kurasa 32 cha A5 hutoka kwenye karatasi 8 za A4 zilizokunjwa kati. Vijitabu 100 ni karatasi 800. Nunua rimu mbili, zile 200 zinazobaki ni za kuharibika na za fomu za wahusika. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni. Kabla ya kuchapa zote, chapa kimoja na ukague namba: kwenye kila uso wa karatasi, namba za kurasa mbili zilizo ubavu kwa ubavu lazima zijumlishwe kuwa 33, kama 32 na 1, au 2 na 31. Ukikuta ukurasa wa nyuma umesimama kichwa chini, mashine imegeuza karatasi kwa upande mrefu. Iagize igeuze kwa upande mfupi.

Pini za kubania hazifai hapa. Hewa ya chumvi huzitia kutu, na kutu hutoboa karatasi kwenye mkunjo. Tumia uzi uliopakwa nta na matundu matatu. Sindano itoke ndani kwa tundu la kati, iingie kwa la juu, ipite ndani moja kwa moja hadi la chini, itoke, irudi kuingia kwa la kati, kisha ncha mbili zifungwe fundo juu ya uzi mrefu ulio ndani. Mji wenye mikono inayoshona kofia matundu kwa mamia hautashindwa na matatu. Ukishashona ndipo ukate ukingo, kwa kuwa karatasi za katikati hujitokeza nje kuliko za juu. Katoni zikivushwa kutoka Mokowe zifunikwe turubai na zisilale sakafuni mwa boti, penye maji.

Dadu za pande nyingi ni ghali na lazima ziagizwe. TSR yenyewe iliishiwa nazo mwaka 1979, ikatia kwenye maboksi ya wanaoanza karatasi yenye vipande vya namba vya kukata. Nasi tunaweza. Dadu tano za mwanzo zilikuwa za pande 4, 6, 8, 12 na 20, hivyo vinahitajika vipande 50. Manila moja (karatasi ngumu) ya A4 hutoa vipande 140 vya sentimita 2 kwa 2: seti mbili kamili na akiba ya 40. Kila aina iwe na rangi yake na kifuu chake cha nazi. Ukitaka dadu ya pande 10, chota kwenye kifuu cha 20, na ikizidi 10 uitoe kumi.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuchota na kuweka kando. Kipande lazima kirudishwe kifuuni na kitikiswe kabla ya mtu mwingine kuchota. Namba 20 ikiachwa nje, anayefuata hana njia ya kuipata, na kila namba nyingine nafasi yake imepanda kutoka 1 kwa 20 hadi 1 kwa 19. Kosa la pili huja polepole: pembe huchakaa, na vidole hukijua kipande cha 20 bila macho kukiona. Hapo badilisha seti nzima, si kipande kimoja, kwa maana kipya kimoja nacho hujulikana kwa ugumu wake.

Kuhusu kanuni zenyewe, hakuna haja ya kuanza na ukurasa mtupu. Januari 2023, baada ya wachezaji kupinga vikali mpango wa kubadilisha leseni ya mwaka 2000 iliyowaruhusu watu wengine kutumia kanuni hizo, Wizards waliziweka kanuni za msingi za toleo la tano, ziitwazo SRD 5.1, chini ya leseni huria ya Creative Commons CC BY 4.0. Ni zaidi ya kurasa 400 kwa Kiingereza, na ruhusa hiyo haiwezi kufutwa kwa anayetimiza masharti. Unaweza kutafsiri, kufupisha, kuongeza majini na mashua zako, na kuuza. Sharti ni kumtaja mwenye kazi kwa maneno aliyoyaweka kwenye ukurasa wa mwanzo wa kanuni hizo, kutaja leseni na anwani yake, na kusema kwamba umebadilisha. Usiweke jina la mchezo wao wala nembo yao kuwa jina la mchezo wako. Leseni haikukupa hayo. Na maneno hayo ya kumtaja yachapwe ndani ya kijitabu, nyuma ya jalada. Boksi hutupwa, kijitabu hubaki.

Wachezaji wa michezo ya mezani,
Langoni, Lamu