Shukrani kwa fundi wa Shimanzi

Jamani Mombasa, kuna fundi wa leth (mashine ya kuchongea vyuma) pale Shimanzi amekataa nimtaje jina lakini lazima nimshukuru hadharani. Nina mashine ya zamani ya kukatia santuri, Presto ya Marekani, na mota yake ni ya umeme wa hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde) na wetu ni 50, transfoma hubadilisha volti tu, si hezi, haisaidii hapo, kwa hiyo sahani ilikuwa yazunguka pole, mizunguko 33⅓ kwa dakika ilishuka mpaka kama 28 na taarab niliyoikata ukiipiga kwa gramafoni ya kawaida sauti zote zatoka nyembamba na za mbio.

Yeye alitoa puli ya mota, akaipima kwa kalipa, akachonga nyengine ya shaba, kipenyo chake mara 1.2 ya ile ya kwanza, akaisugua mpaka haichezi hata kidogo maana mtetemo wowote sindano yauchora kwenye mfereji, wallahi hapo ndipo nilipomvulia kofia. Kisha akachora karatasi ya mistari 180 akaiweka juu ya sahani chini ya taa ya tyubu, ambayo huwakawaka kwa mapigo ya umeme, sahani yazunguka lakini mistari yaonekana imesimama tuli, ndiyo dalili spidi imekaa sawa! Alichukua pesa ya shaba tu.

Mola amlipe kheri. Na nyinyi mafundi, kijana akija na mashine ya kale msimwambie auze chuma chakavu, mfungulieni muitazame kwanza.