Risala ya Wanachama wa Kikundi cha Yoga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kikundi,
Walimu wetu wa mazoezi,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa moyo mkunjufu kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika wewe mwenyewe. Tumeshazoea kuletewa wawakilishi, tena wenye haraka ya kuondoka kabla ya risala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza na watu sita na mikeka minne. Leo tuna wanachama 31, ongezeko la zaidi ya asilimia 400, tukiwahesabu na wale ambao ada zao bado ziko njiani. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa, kwa azimio lililodhaminiwa na nchi 177, uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Nasi hatukubaki nyuma: mwaka jana tuliiadhimisha na ukumbi ukafurika. Ni kweli ukumbi wenyewe si mkubwa. Historia iliyobaki imo katika kabrasha ulilopewa mlangoni.

Tunachojivunia hasa ni kwamba hapa hatumchagui mtu kwa ulaini wa kiuno chake. Asiyeweza kukaa chini anafanya mazoezi juu ya kiti. Asiyefikia vidole vya miguu anapitisha mkanda nyayoni, anavuta taratibu. Mwalimu alishaacha kusema “fanyeni kama mimi”, maana wanachama wetu wawili hawaoni. Sasa anaeleza mkono upi, uelekee wapi, na pumzi iingie lini. Hamgusi mtu kumrekebisha kabla ya kumwomba ruhusa. Asiyetaka kutamka “Om”, ile sauti takatifu inayotamkwa katika yoga, anakaa kimya, wala hanuniwi. Haya hatukuyabuni sisi. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa India aliyezaliwa mwaka 1918 na kukua akiandamwa na maradhi, ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda na matofali ya mbao katika yoga.

Lakini hayo yote, Mheshimiwa, yanafanyika ndani. Shida yetu iko nje, na umeipanda mwenyewe ulipokuwa unaingia: ngazi tano.

Mwenzetu mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Akifika hapo hufunga breki, hukumbatia mkoba wake na kufumba macho, kisha watu wanne humbeba mzobemzobe, kiti na yeye. Mwezi uliopita mmoja wa wabebaji aliteleza. Bahati nzuri gurudumu ndilo lililogonga ukingo, si goti. Siku hiyo mwenzetu huyo wa kiti hakufanya zoezi hata moja. Alikaa pembeni mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Wazee wawili wenye magoti mabovu wao wameacha kuja kimyakimya, na hatuna uso wa kuwauliza kwa nini.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi njia ya mteremko “ndani ya mwezi mmoja”, tukampigia makofi. Wa pili alikuja na fundi, wakapima, wakachora mstari wa chaki ukutani, wakapigwa picha, picha tunayo. Wa tatu alitutumia ubao wa mita mbili. Tunamshukuru, ila kwa kimo kile ubao huo unafaa watoto kutelezea. Tangu hapo tunaambiwa mchakato unaendelea. Mvua ikifuta ule mstari wa chaki, katibu huuchora upya kabla ya mgeni kufika, na jana ameuchora tena.

Hesabu tumeifanya wenyewe ili usisumbuke. Kila ngazi ina kimo cha sentimita 15, jumla 75. Kipimo kinachotumika sana kwa viti vya magurudumu ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, hivyo tunahitaji mita tisa. Uwanja unatosha, tumeupima mara tatu. Tunaomba saruji, kokoto, vishikio pande zote mbili, na jukwaa la mita moja na nusu mlangoni ili kiti kipate pa kugeukia. Nguvu kazi tutatoa sisi. Ukitaka msingi wa ombi letu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 30, unataja haki ya kushiriki michezo na burudani kwa usawa na wengine.

Mikeka mipya tulikuwa tuiombe pia, lakini tumeiondoa kwenye risala isije ikatolewa badala ya saruji.

Mwisho, Mheshimiwa, tunakuomba kwa heshima zote kwamba kabla ya chai uongozane nasi mpaka ngazini. Futi kamba iko kwa mweka hazina.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama