Jani nililolifunga ndani ya barua hii

Goma, tarehe 14 Julai

Mpendwa dada Furaha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa baba Neema na kwa watoto wote. Sisi ni wazima, hofu ni kwenu huko Bukavu. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka na ningepaswa kuanza kwa kuomba radhi, lakini jambo lililonifanya nishike kalamu usiku huu halina subira, kwa hiyo radhi nitaziomba tutakapoonana.

Unaukumbuka ukuta wa mawe ya volkano nyuma ya jiko, pale tulipokaa tukimenya maharagwe ya harusi ya Kizito? Chini yake mawe ya mlipuko wa volkano wa mwaka 2002 tuliyaacha kama yalivyoganda, na udongo uliopo hapo haujazi kiganja. Katikati ya mawe hayo umeota mmea wa majani manene ambao hakuna mtu nyumbani aliyeupanda. Nadhani ulikuja pamoja na udongo tulioletewa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, kwa ajili ya tuta la lengalenga. Niliuacha kwa sababu haukuniomba maji hata siku moja. Mwezi uliopita ulitoa bua lililonifika kifuani, na sasa juu yake yananing'inia maua mengi ya rangi ya waridi iliyofifia, yote yameinamisha vichwa. Ni mazuri, Furaha, na kila anayepita kwenda chooni husimama kuyatazama.

Shida imeanzia kwenye uzuri huo huo. Mama mkwe alipoyaona alifurahi sana, akasema hiyo ndiyo dawa ya kikohozi ambayo mama yake alikuwa akiipasha motoni na kukamulia watoto kijikoni. Neema anakohoa tangu wiki iliyopita, nawe unajua jinsi ilivyo vigumu kumkatalia mama mkwe jambo analolijua tangu utoto wake. Nimemwomba anipe siku chache, na siku zenyewe zinakwisha.

Nimejitahidi kuuchunguza kama ulivyonifundisha. Kwanza nilivunja kikonyo nione kama kitatoa maziwa meupe kama mnyaa wa uzio; kilitoa maji tu, yasiyo na rangi. Kisha nililichana ua moja kwa ukucha: petali nne zilizoungana kuwa mrija, na stameni nane, zile nyuzi zenye chavua, ndani yake. Mwalimu Deo alipoona hesabu hiyo alisema bila kusita kwamba ni kalankoe. Lakini jina hilo ni la ukoo mzima wenye aina nyingi, na mimi sitafuti ukoo, natafuta huyu aliyeota nyuma ya jiko langu ni nani.

Ndipo nilipokwenda Majengo kwa Mama Sifa, ambaye anao mmea anaoutumia kwa kikohozi na vidonda miaka yote, nikabeba ua langu na jani langu ndani ya sahani iliyofunikwa. Tuliviweka bega kwa bega juu ya meza. Ua lake limevaa sepali, vile vijani vinavyoshika kitako cha ua, zilizovimba kama mfuko wa karatasi, kiasi kwamba watoto wake huzibana kwa vidole zikapasuka kwa mlio, na petali zinachungulia kidogo tu chini yake. Langu lina sepali fupi zinazobana shingo ya mrija, nao mrija wenyewe ni mrefu na uko wazi. Majani ya mmea wake mkubwa yamegawanyika, matatu au matano kwenye kikonyo kimoja; yangu ni moja moja, marefu, yamejikunja kidogo katikati kama mtumbwi, na upande wa chini yana madoa ya zambarau kama mtu aliyemwagikiwa wino. Tena kwake vichanga huchipuka jani likishaanguka au likishazeeka, wakati kwangu kingo zote za majani mabichi yaliyo bado juu ya shina zimejipanga vitoto vyenye majani mawili ya duara na nyuzi nyeupe za mizizi, tayari kudondoka mtu akipita na kanga yake.

Kwa hiyo mimi nimeshaamini kwamba si mmea mmoja. Mwalimu Deo anadhani wangu ni ule unaotoka kusini-magharibi mwa Madagaska, au ule wa mseto uliozalishwa Marekani, huko California, katika miaka ya 1930, ambao umerithi majani membamba kidogo. Kwangu tofauti hiyo ni ndogo, kwa sababu yote miwili ina sumu inayoshika moyo, na maua ndiyo yenye sumu nyingi zaidi. Huko Australia jamaa zake wameua ng'ombe. Mbuzi wetu nimeshamhamishia upande wa barabara.

Mama mkwe hakubali. Anasema mmea unaozaa watoto kwenye majani ni mmoja tu duniani, na kwamba alilionja jani asubuhi kwa ncha ya ulimi, likawa chachu, na uchachu huo ndio alama ya dawa. Nilishtuka sana aliponiambia ameonja. Mwalimu Deo alimweleza kwa heshima kwamba jamii yote hiyo hufungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga mchana, ndiyo maana haikauki juu ya mawe yanayochoma nyayo, na kwamba hewa inayokusanywa usiku ndiyo inayofanya majani kuwa machachu alfajiri, hadi jioni uchachu unakuwa umekwisha. Maana yake ni kwamba wa dawa na wa sumu yote huwa michachu asubuhi. Kisha akaongeza neno ambalo halikumfurahisha mtu yeyote mezani: hata ule wa Mama Sifa una sumu za namna hiyo hiyo. Tangu hapo Mama Sifa hajanipigia simu.

Ninakutumia jani na ua. Ua nimelikausha katikati ya magazeti ili sepali zionekane vizuri. Jani nililitia bahasha wiki mbili zilizopita nikimsubiri msafiri wa boti, naye akaahirisha. Jana nilipofungua nilikuta limechipua vitoto kumi na kimoja gizani, bila tone la maji, na mizizi yao imeshika karatasi. Nakusihi ukimaliza kulitazama ulichome moto, usilitupe bustanini, kwa sababu kwa mvua yenu ya Bukavu hutaweza kuliondoa tena.

Sasa niambie, dada. Je, sepali fupi na madoa ya zambarau yanatosha kunipa uhakika, au kuna alama nyingine niliyoiruka? Je, bado unafahamiana na yule baba wa Lwiro anayetunza mimea iliyokaushwa pale kwenye kituo cha utafiti, na unaweza kumfikishia ua hili kabla ya Jumapili? Akiandika jina kwa mkono wake, mama mkwe atamsikiliza kuliko mimi? Je, nikiung'oa sasa ukiwa na maua, vitoto vilivyokwisha kudondoka kwenye nyufa za mawe nitavifikiaje? Na kikohozi cha Neema, zaidi ya maji ya moto na asali, wewe ungempa nini wakati tunasubiri siku ya daktari?

Tuma jibu hata kwa simu, hata neno moja.

Dada yako akupendaye,
Riziki