Ufuko ule husafishwa kabla wageni hawajaamka

Mhariri,

Makala yenu kuhusu utalii wa visiwa vya Karibi ilikuwa vimbunga mwanzo mwisho. Sawa, Beryl iliifyeka Carriacou, kule Grenada, Julai 2024, hakuna anayebisha. Lakini kimbunga hupita. Nililoliona mimi Barbados halipiti.

Nilikuwa mpishi katika meli ya watalii, na tulikuwa tukifunga gati Bridgetown. Siku moja ya mapumziko nikapanda basi hadi Bathsheba, upande wa mashariki unaotazama Atlantiki. Kabla sijaiona bahari nikasikia harufu ya mayai viza. Mwani wa kahawia umejaa ufukoni hadi magotini, vijana wanauzoa kwa reki na matoroli. Wakimaliza leo, kesho umerudi. Mmoja alinionyesha mkufu wake wa fedha. Ile gesi ya mwani unaooza imeufanya mweusi kama masizi.

Mimi mtu wa Jambiani. Kwetu mwani ni ada ya shule. Mama ameufunga kambani miaka na miaka. Nikamwuliza kijana, mbona hamuuzi? Akacheka. Mwani wao haupandwi na mtu, unaelea wenyewe kutoka Atlantiki tangu 2011, tena una sumu ya aseniki, hata kuufanya mbolea wanasita. Mwaka 2018 serikali yao ilitangaza hali ya dharura kwa ajili yake. Mei 2025 wanasayansi walikadiria zaidi ya tani milioni 30 baharini.

Halafu kuna samaki aitwaye pono, ambaye makala haikumtaja kabisa. Pono hula majani yanayosonga matumbawe, huguguna na mwamba wenyewe, kisha hunya mchanga. Ndiyo, sehemu kubwa ya mchanga ule mweupe imetoka tumboni mwake. Belize walipiga marufuku kumvua tangu 2009. Visiwa vingi bado anakaangwa, na nakiri nimemkaanga mwenyewe, sahani kwa sahani, kwa wageni waliokuja kuota jua juu ya mchanga wake. Matumbawe nayo, joto la bahari la 2023 liliyaacha meupe kama chokaa.

Picha mliyoichapisha ina mchanga mweupe pee. Safari nyingine mtumeni mpigapicha alfajiri, kabla reki hazijapita.

Mpishi mstaafu,
Jambiani, Unguja