Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Muuguzi wa watoto abaki kwa watoto

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa. Jambo ninalokuletea tumelisema mara nyingi kwenye vikao vya ndani, likaandikwa kwenye mihtasari na kuishia humo. Ndiyo maana leo ninaliandika mahali ambapo kila mtu anaweza kulisoma.

Ombi langu ni moja. Toa waraka unaoelekeza kwamba muuguzi aliyefunzwa kuhudumia watoto wachanga na watoto wagonjwa asiondolewe kwenye wodi hizo kila ratiba ya mzunguko inapobadilika.

Wewe unaujua mzunguko huo, lakini wazazi wengi wanaosoma hapa hawaujui. Katika hospitali zetu nyingi muuguzi hana wodi yake. Baada ya muda, pengine mwaka, pengine miezi michache, orodha mpya inabandikwa ubaoni. Aliyekuwa kwa watoto wachanga anakwenda wodi ya upasuaji ya wanaume. Aliyekuwa kliniki ya macho anakuja kwa njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Siku ya kwanza ya zamu mpya, mtu ambaye hajawahi kumshika mtoto wa kilo moja anakabidhiwa chumba kizima cha watoto wa aina hiyo, na kwa kuwa tuko wachache, aliyepaswa kumwelekeza naye ameshahamishwa.

Nchi yetu imefanya kazi kubwa kwa watoto, na sitaki barua hii isomwe kana kwamba silioni hilo. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2004/05 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Chanjo, vyandarua, dawa mseto za malaria na wahudumu wa vijijini vimechangia sana hapo. Lakini ukiwatazama peke yao watoto wa siku 28 za mwanzo, utafiti wa 2015/16 ulikuta vifo 25 kwa kila vizazi hai 1,000, na wa 2022 ukakuta 24. Katika kipindi hicho hicho vifo vya walio chini ya miaka 5 vilitoka 67 hadi 43. Maana yake ni kwamba tumewaokoa waliokwisha kuvuka mwezi wa kwanza, na wachanga wamebaki karibu pale pale walipokuwa. Leo zaidi ya nusu ya vifo vya watoto wetu wadogo hutokea ndani ya mwezi huo mmoja. Lengo la dunia tulilokubali ni vifo vya wachanga visivyozidi 12 kwa kila vizazi hai 1,000 ifikapo 2030.

Wachanga hawa wanakufa zaidi kwa mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Kwa yote matatu, anayekaa na mtoto usiku na mchana ni muuguzi. Daktari anapita, anaandika kwenye faili na kuelekea wodi nyingine, kwa sababu naye anasubiriwa huko.

Naomba nikueleze kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu nadhani hapa ndipo wanaopanga orodha wanapokosea. Chukua njiti wa kilo 1.2 aliye katika wiki ya kwanza, ameandikiwa jentamaisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Dozi yake ni miligramu 3 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, yaani miligramu 3.6. Kichupa tunacholetewa kwa kawaida kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Ukivuta dawa hiyo bila kuizimua, unachotafuta kwenye sirinji ni mililita 0.09. Kiasi hicho ni kidogo mno, mkono ukiteleza kidogo tu mtoto amepata mara mbili, na jentamaisini ikizidi inadhuru figo na masikio. Kwa hiyo lazima ujue kuizimua, ujue kwa kiasi gani, na ulifanye hilo saa nane za usiku huku mtoto wa kitanda cha pili analia.

Mtoto huyo huyo, siku ya kwanza, anahitaji maji mililita 60 kwa kila kilo. Ni mililita 72 kwa siku nzima, mililita 3 kwa saa. Kwa mpira wa matone madogo, ule wa matone 60 kwa mililita, utahesabu matone 3 kwa dakika. Kwa mpira wa dripu wa kawaida wa matone 20 ni tone 1 kwa dakika, na hakuna mkono unaoweza kuudhibiti mwendo huo usiku kucha. Muuguzi anayetoka kwa watu wazima amezoea chupa ya nusu lita inayoisha kwa saa chache. Hana kosa, ndivyo alivyofanya kazi miaka yote.

Maji yakizidi yanaua hata watoto wakubwa kidogo. Utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza na kuchapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia zaidi ya watoto 3,000 waliofika hospitali wakiwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika. Waliopewa maji mengi kwa haraka, kama ilivyokuwa ikishauriwa, walikufa kiasi cha asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiopewa kwa namna hiyo walikufa asilimia 7.3. Wodi za ukanda huu ndizo zilizoifundisha dunia somo hilo. Inaniuma kwamba somo lililopatikana kwenye wodi zetu linaweza kusahaulika kwenye wodi zetu hizo hizo, kwa sababu tu ya orodha ya ubaoni.

Halafu kuna yale ambayo hayaandikwi kwenye mwongozo kwa namna ya kumtosheleza mgeni. Njiti husahau kupumua. Hapigi kelele, hajitupi. Anatulia tu, na midomo inabadilika rangi. Muuguzi aliyekaa naye anageuka kabla hajajua kwa nini amegeuka, anamsugua mgongo, pumzi inarudi. Manjano kwenye ngozi yetu nyeusi haionekani kirahisi. Unaitafuta kwenye macho, kwenye fizi, kwenye viganja na nyayo, na ukichelewa kuigundua inaweza kufika kwenye ubongo na kumwachia mtoto ulemavu wa maisha. Oksijeni ikipungua mtoto anakufa, ikizidi inaharibu macho ya njiti, hivyo unaipandisha na kuishusha ukitazama kipimo cha kidoleni. Kuna mtoto ambaye jana alinyonya kikombe chote na leo ameacha nusu. Vipimo vyote viko sawa, joto liko sawa, lakini muuguzi aliyemlisha jana anajua kwamba maambukizi yameanza. Aliyefika leo asubuhi ataandika kwamba mtoto amekula.

Utaniambia wizara inatoa mafunzo. Ni kweli, na tunashukuru. Lakini tuna ushahidi wetu wenyewe, uliotoka hospitali ya Haydom kule Mbulu, kwamba semina peke yake haitoshi. Wakunga na wauguzi wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo, lakini kwa watoto halisi utendaji haukubadilika. Baadaye wakaanza mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Njia hiyo ya mazoezi ya kila mara ikapelekwa kwenye hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na vifaa na ufuatiliaji wa takwimu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto wakati wa uchungu na siku ya kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Hayo ni matokeo ya Kitanzania, yamepatikana na wauguzi na wakunga wa Kitanzania. Wanaofanya mazoezi ya namna hiyo lazima wawepo wiki ijayo na mwezi ujao. Ukiwahamisha, unaanza upya.

Nimeshuhudia mwenzangu akipelekwa kujifunza mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani ili mapafu ya njiti yasisinyae. Alirudi na cheti, akawafundisha wawili, na haukupita muda mrefu akapangiwa wodi nyingine. Waliobaki waliogopa kuitumia mashine. Ilifunikwa kitambaa safi. Pesa iliyonunua mashine ile na pesa iliyolipia mafunzo ni za wananchi, na watoto waliohitaji hewa ile walikuwa mita chache kutoka ilipowekwa.

Najua majibu ya viongozi wa hospitali, na mengine yana uzito. Wanasema wauguzi hawatoshi, kwa hiyo kila mmoja lazima aweze kuziba pengo popote. Wanasema wodi ya wachanga inachosha, na si haki kumwacha mtu mmoja abebe vifo vya watoto miaka yote huku mwingine amekaa kliniki ya mchana. Hili la pili ninalikubali kwa moyo wote. Kumfunga mtoto kitambaa cheupe na kumkabidhi kwa mama ambaye maziwa yameanza kumtoka si jambo la kumtwisha mtu yuleyule bila kupumzika. Mzunguko uwepo, lakini uwe ndani ya huduma za watoto: kutoka kwa wachanga kwenda wodi kubwa ya watoto, kwenda chumba cha lishe, kwenda kliniki ya mama na mtoto, kisha kurudi. Maarifa yatakwenda naye na kukua. Na kuhusu uchache, sijaona jinsi ya kuumaliza kwa kuwafanya hata wachache tulionao wawe wageni kila mwaka.

Lipo pia suala la muundo wa utumishi, ambalo wewe na ofisi ya Utumishi mnaweza kulizungumza. Muuguzi akijiendeleza katika uuguzi wa watoto, anaporejea kituoni hakuna nafasi inayomngoja yenye jina hilo. Ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa kwa kituo, inahesabu wauguzi kwa ujumla wao. Kwa hiyo hakuna kinachomlinda asipangiwe kokote, na hakuna kinachomvuta kijana anayemaliza chuo achague njia hiyo. Kwa majirani zetu Wakenya, chuo chao cha mafunzo ya tiba kinatoa stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto. Sisi tunaweza kuanza na hatua ndogo: ikama ya kila hospitali ya mkoa na wilaya ionyeshe nafasi za wauguzi wa watoto wachanga na za wauguzi wa watoto, zikiwa zimetengwa.

Niseme pia kuhusu akina mama, maana bila wao sisi hatufiki popote. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kuhusu kumweka mtoto mdogo kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja hali yake itulie kwanza. Walikuwa watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito wa kati ya kilo 1 na 1.8. Vifo vilipungua kwa robo, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo. Lakini ili mama akae na mtoto chumba cha wachanga anahitaji kitanda humo ndani, si kuitwa kutoka wodi ya wazazi kila baada ya saa tatu akitembea na mshono wa upasuaji. Na anahitaji muuguzi mzoefu wa kumfunga kanga vizuri, kumwonyesha namna ya kukamua, kumtuliza anapoogopa kwamba atamvunja mtoto. Mama huyo anataka kuikuta leo sura ileile aliyoiacha jana. Anaweza kumwambia sista anayemfahamu kwamba maziwa hayatoki. Mgeni hamwambii.

Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili mama aliyejifungua njiti apate likizo ya ziada inayofidia wiki za ujauzito zilizosalia hadi kutimia 40, jambo ambalo Taasisi ya Doris Mollel, inayotetea watoto njiti, ililipigania kwa miaka. Serikali ilisikiliza, na ndiyo sababu nina imani kwamba hili nalo linasikilizika. Halihitaji Bunge wala jengo jipya. Linahitaji sahihi yako, na kwa hospitali za halmashauri, makubaliano na wenzako wa TAMISEMI.

Waraka huo ukitoka kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai, orodha zitakazobandikwa mwezi huo zinaweza kuwa za kwanza kuufuata. Naomba useme ndani yake muda ambao muuguzi aliyefunzwa atakaa katika huduma za watoto. Mimi napendekeza usipungue miaka mitatu. Naomba pia waganga wafawidhi, yaani wakuu wa hospitali, watakiwe kueleza kwa maandishi kila wanapomwondoa kabla ya muda huo.

Wako katika utumishi,

Muuguzi wa wodi ya watoto
Hospitali ya rufaa ya mkoa